Shilingi, magari ya Serikali na mfuko wa mbolea wa Kilolo

Lori la mafuta linaloelekea Zambia au Congo likishapita Ruaha Mbuyuni na Mahenge huanza kuupanda Mlima Kitonga kwa gia nzito. Nyuma yake hujipanga foleni ya malori mengine yenye saruji, mabati, vipuri na mbolea. Mlima ukiisha, Ilula haiko mbali. Msimu wa nyanya ukifika, matenga hupangwa pale kandokando ya barabara, madalali wakizunguka kati yake, na malori yanayorudi kutoka Mbeya na Tunduma husimama kupakia mzigo wa Dar es Salaam. Yote haya ni ndani ya Wilaya ya Kilolo, iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kuigawa Iringa Vijijini.

Vingi vya vinavyopanda Kitonga vimenunuliwa kwa dola. Vinavyoteremka, yaani nyanya, vitunguu, viazi, mbao na mahindi, kwa sehemu kubwa vitauzwa kwa shilingi. Mkulima wa Kilolo ananunua kwa dola bila kuishika mkononi, kisha anauza kwa shilingi na kuombea bei isianguke kabla tenga halijafika Dar. Mbegu chotara ya nyanya inatoka nje. Dawa ya kupulizia kantangaze, yule mdudu aliyetokea Amerika Kusini akaingia nchini katikati ya muongo uliopita na kutafuna mashamba, nayo inatoka nje. Dizeli ya pampu ya kumwagilia inatoka nje. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia, sehemu kubwa yake, imevuka bahari. Ndiyo maana naamini mjadala wa shilingi, ambao tumezoea kuusikia ukitoka Dodoma kwa lugha ya asilimia na trilioni, ungepaswa kuanzia huku.

Mjadala wenyewe si wa jana. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, wakati dola moja ilikuwa shilingi saba na senti chache. Gavana wake wa kwanza alikuwa Edwin Mtei. Mwaka 1979 Mtei, akiwa sasa Waziri wa Fedha, alijikuta mezani na wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera, mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani kote, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika miaka miwili kabla, ikatulazimu kuanzisha reli, posta na shirika la ndege vyetu wenyewe. IMF wakataka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya Serikali yabanwe. Mtei aliona hakuna njia nyingine. Mwalimu Nyerere akakataa, na mwishoni mwa mwaka ule Mtei akajiuzulu. Mwanzoni mwa 1980, akizungumza na mabalozi, Mwalimu aliuliza ni tangu lini IMF ikawa Wizara ya Fedha ya dunia.

Swali lile lilikuwa la haki, na bado ni la haki. Nchi inayopangiwa na wengine bei ya fedha yake na ukubwa wa bajeti yake imepoteza kitu kikubwa. Lakini shilingi haikusubiri jibu. Bei ya dola iliyoandikwa benki ilibaki palepale, huku mtaani dola ikiuzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Sukari, sabuni na vitenge vikatoweka madukani vikahamia mlango wa nyuma. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa bado hazikutosha. Bajeti ya Juni 1984, Mwalimu akiwa bado Rais, ikaishusha shilingi hadi kama 17 kwa dola na kuondoa ruzuku ya sembe. Miaka miwili baadaye, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ikashushwa tena hadi 40, na Agosti 1986 makubaliano na IMF yakatiwa saini. Mwaka 1989 ulipokwisha, dola ilikuwa karibu shilingi 190.

Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa viongozi wawili, mmoja mwenye msimamo wa taifa na mwingine mwenye hesabu za benki. Kwa Nyanda za Juu Kusini ilikuwa na sura nyingine kabisa, na hiyo ndiyo isiyosimuliwa vya kutosha.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Gunia la kijiji cha milimani lilipata bei ileile ya gunia la karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kulisafirisha ikabebwa na shirika. Mbolea ilikuwa na ruzuku kubwa. Barabara ya TANZAM ilikuwa na lami, na reli ya TAZARA ilikuwa imekamilika. Kwa mpango huo Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa mikoa minne mikubwa ya mahindi, iliyolisha majiji. Mkulima wa milima ya Udzungwa, ambaye kwa bei ya soko asingeweza kumlipa mwenye lori, aliweza kusomesha watoto kwa mahindi.

Lakini gharama hiyo ililipwa na nani? NMC ilikopa benki za umma ili inunue, haikuweza kurudisha, ikakopa tena. Deni lake likawa kimojawapo cha vyanzo vya fedha nyingi kuzunguka bila bidhaa za kutosha, na fedha nyingi bila bidhaa ndiyo njia ya haraka ya kuidhoofisha shilingi. Ukweli huu ni mchungu kwetu tunaoipenda mikoa hii: matumizi ya Serikali yaliyomfaidisha mkulima wa Iringa yalikuwa sehemu ya ugonjwa uliokuja kumwumiza mwenyewe. Dawa ilipoletwa, hakuna aliyemgawia kwa kipimo. Bei moja ya nchi nzima iliachwa. Kati ya 1991 na 1994 ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa, katika miaka ileile ambayo kila mporomoko wa shilingi ulikuwa ukipandisha bei ya mfuko. Mbolea ikapungua mashambani. Wengi wakatafuta mazao yanayoleta fedha haraka au yasiyodai mbolea kila mwaka: nyanya, viazi, miti ya mbao.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kosa la miaka ile lilikuwa kushusha shilingi, wala na wanaosema kosa lilikuwa kuchelewa kuishusha. Shilingi ilikuwa lazima ishuke, kwa sababu bei ya benki haikuwa na uhusiano tena na bei ya maisha. Kosa lilikuwa kuliacha pengo lote liangukie upande mmoja, wa mtu anayenunua kwa dola na kuuza kwa shilingi.

Desemba 2021 mjadala ulirudi kwa kishindo ambacho wengi hawakukitarajia. Spika wa Bunge, Job Ndugai, akiwa kwenye mkutano wa Wagogo jijini Dodoma, alilalamikia mwendo wa kukopa na kuonya kwamba ipo siku nchi itapigwa mnada. Deni la Taifa wakati huo lilitajwa kuwa shilingi trilioni 70. Kilichokuwa mezani ni mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3, uliopangiwa kazi ya kupunguza makali ya Uviko-19: vyumba vya madarasa 15,000, maji, hospitali. Tarehe 4 Januari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akamjibu hadharani Ikulu, akisema kukopa hakukuanza na awamu yake na kwamba ataendelea kukopa kwa maendeleo. Siku mbili baadaye Ndugai akajiuzulu uspika.

Naliona tukio lile kuwa nafasi tuliyoipoteza. Spika alilenga pabaya, kwa kuwa mkopo ule ulikuwa wa masharti nafuu, na madarasa yale yalihitajika. Ila hoja yake ya msingi, kwamba wananchi wana haki ya kuuliza tunakopa nini na tutalipa kwa nini, haikustahili kuzimwa kwa mtu kupoteza kiti. Baada ya hapo nani mwingine ndani ya chama tawala angeuliza kwa sauti? Luhaga Mpina, aliyekuwa Mbunge wa Kisesa, aliendelea kuuliza, na upinzani nje ya Bunge ukaendelea, lakini mjadala mzito wa pande zote haukufanyika.

Jibu la Serikali kila mwaka ni kwamba deni ni himilivu. Kwa vipimo vinavyotumika kimataifa, ni kweli. Ukomo wa deni kwa Pato la Taifa, kwa thamani ya sasa, ni asilimia 55, nasi tuko chini yake. Lakini kuna kipimo cha pili ambacho majukwaani hakitajwi sana: deni la nje likilinganishwa na mauzo yetu nje. Hicho ndicho cha mtu wa Ilula, kwa sababu Pato la Taifa huhesabiwa kwa shilingi, ilhali deni la nje hulipwa kwa dola, na dola hupatikana kwa kuuza kitu nje.

Tazama hesabu hii ndogo. Deni la dola bilioni moja, dola ikiwa shilingi 2,300 kama mwanzoni mwa 2022, ni shilingi trilioni 2.3. Dola ikifika 2,700, kama ilivyokuwa Oktoba 2024, deni lilelile linakuwa trilioni 2.7. Hujakopa hata senti moja zaidi, na umeongezewa shilingi bilioni 400. Hadi Machi 2025 deni la Serikali lilikuwa trilioni 107.7, na karibu theluthi mbili yake ni la nje. Katika bajeti ya 2025/26 ya trilioni 56.49, kulihudumia deni kulitengewa zaidi ya trilioni 14. Udhaifu wa shilingi unaingia kwenye bajeti kwa mlango huo, kimya, na ukishaingia kuna kitu lazima kitoke: dawa zahanati, barabara ya kutoka Kidabaga, au ruzuku.

Mwaka 2023 kila mtu aliuonja udhaifu huo. Dola ilikuwa adimu, benki zikawa zinawagawia waagizaji kidogokidogo, na bei ya petroli ikavuka shilingi 3,200 kwa lita Dar es Salaam. Kwa vijiji vilivyo mbali na lami, nauli na gharama ya kutoa mzigo shambani vikapanda juu zaidi. Sababu nyingi zilitoka nje ya uwezo wetu: vita vya Ukraine, riba ya Marekani iliyopanda na kuvuta dola kurudi kwao. Majirani waliumia kuliko sisi. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe kutoka Kyela, ilishusha kwacha yake kwa asilimia 44 Novemba mwaka ule. Shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 kabla ya kujirudi. Benki Kuu yetu, chini ya Gavana Emmanuel Tutuba, Januari 2024 ilihamia kwenye mfumo wa kutumia riba kama chombo kikuu cha sera yake, ikaanza na asilimia 5.5 na Aprili ikapandisha hadi 6. Kuanzia Oktoba wachimbaji na wauzaji wa dhahabu wakatakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya Benki Kuu. Korosho, dhahabu na watalii wa nusu ya pili ya mwaka wakaleta dola, na Desemba 2024 shilingi ikaimarika hadi karibu 2,400. Hizi ni hatua za maana na waliozifanya wanastahili sifa.

Ila riba na dhahabu ni kazi ya Benki Kuu. Upande wa pili wa mizani ni Serikali inavyotumia, na huko ndiko ninakotaka tukae.

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umevuka shilingi 130,000 ukateremshwa hadi 70,000. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya duka la pembejeo Novemba, mvua zikinukia, akihesabu noti na kugundua zinatosha nusu mfuko, hawezi kuujua uzito wa tofauti ile. Kulikuwa na kero za kweli: kusajiliwa, alama za vidole, mawakala walio mbali, mbolea kuchelewa. Hata hivyo ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka mingi Serikali kusimama katikati ya dola na mkulima na kusema sehemu hii tutaibeba sisi.

Miezi miwili kabla ya sherehe ile, kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2022, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk Mwigulu Nchemba, alikuwa amelieleza Bunge kuwa kununua magari ya Serikali, kuyatia mafuta na kuyatengeneza hugharimu zaidi ya shilingi bilioni 550 kwa mwaka. Alipendekeza viongozi wakopeshwe magari wajitunzie wenyewe, na namheshimu kwa kuitaja namba ile hadharani. Iweke kando ya bilioni 150 za mbolea. Zaidi ya mara tatu na nusu. Gari halitengenezwi hapa, mafuta hayachimbwi hapa, tairi na vipuri huja kwa meli. Kila V8 inayopanda Kitonga kwenda kikao Mbeya imechukua dola kwenye chungu kilekile ambacho mwagizaji wa mbolea anachota, na gari hilo halitaleta dola hata moja.

Sisemi viongozi watembee kwa miguu. Afisa ugani wa Kilolo anahitaji pikipiki yenye mafuta, na mkuu wa wilaya anahitaji gari linaloweza kupita Udzungwa masika. Ninachosema ni kwamba matumizi ya Serikali yapimwe kwa swali la dola: yanachukua ngapi, na yatarudisha ngapi? Kwa kipimo hicho baadhi ya miradi mikubwa inayolaumiwa kwa ukubwa wake itafaulu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, mkataba wa zaidi ya shilingi trilioni 6.5 uliosainiwa Desemba 2018, linapokea pia maji ya Ruaha Mkuu yanayopita pale Ruaha Mbuyuni. Megawati zake 2,115 ni umeme usiohitaji kuagiziwa mafuta. Reli ya kisasa, ikifika mahali pa kubeba mizigo ya majirani kwa wingi, italipwa kwa dola za majirani. Madarasa hayaleti dola na hayapaswi kudaiwa yazilete. Yajengwe kwa kodi na mikopo nafuu. Mkopo wa kibiashara wa riba kubwa unaoishia kwenye semina, safari na magari ndio unaoipiga shilingi, na huo ndio ungepaswa kutajwa kwa jina lake bungeni.

Machi 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani kupangiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Naziunga mkono. Ilikuwa ni aibu Mtanzania kudaiwa kodi ya nyumba au ada ya shule kwa dola ndani ya nchi yake. Lakini Kilolo hakuna aliyewahi kupanga chumba kwa dola, na kanuni hizo hazikugusa hata shilingi moja ya bei ya mfuko wa mbolea. Bei ya dukani imeandikwa kwa shilingi. Aliyeipanga alikuwa akitazama dola. Na hapa kuna jambo linalonikera kweli: dola ikipanda, bei ya mbolea hupanda upesi, lakini shilingi ilipoimarika Desemba 2024, mkulima aliyekuwa amekwisha kupanda hakurudishiwa kitu. Waagizaji hufunga mikataba yao miezi kadhaa kabla ya mvua, kwa hiyo mkulima hulipa dola ya jana. Kiwanda cha mbolea cha Itracom pale Nala, Dodoma, na kile cha Minjingu, Manyara, vikiongezewa nguvu vinaweza kufupisha umbali huo, na bilioni chache zikihamishwa kutoka kwenye fungu la magari zingefanya kazi kubwa huko.

Kuna upande mmoja ambao shilingi dhaifu ingepaswa kumnufaisha mkulima huyuhuyu. Kilolo inalima pareto. Maua hukaushwa, hununuliwa na wanunuzi wachache, hukamuliwa kiwandani Mafinga, na sumu yake ya asili ya kuua wadudu huuzwa nje kwa dola. Nadharia ya uchumi, ileile ambayo IMF waliileta kwa Mtei na Mwalimu, inasema shilingi ikishuka mwenye zao la nje hupata shilingi nyingi zaidi kwa kilo ileile. Basi na apate. Dola ilipotoka 2,300 hadi 2,700, ongezeko ni zaidi ya asilimia 17. Mkulima wa pareto anayepeleka gunia lake kituoni ana haki ya kuonyeshwa, kwenye ubao uleule wa bei ya kilo, bei ya nje ilikuwa dola ngapi, dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi, na nani alichukua kiasi gani njiani. Hivyo hivyo kwa parachichi, ambalo tangu makubaliano na China ya Novemba 2022 tunaambiwa lina soko kubwa. Kutangaza bei hizo hakuhitaji mkopo wala sheria mpya. Kunahitaji agizo la wizara na ubao, na wabunge wa Iringa na Mbeya wanaweza kulidai hilo kwenye kikao kijacho cha bajeti, papo hapo wanapouliza fungu la magari la mwaka huu ni kiasi gani.